Uzinduzi wa Kumbukumbu za Mti wa Shangazi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kukosekana mwingine wa hadhi hiyo ni mimi pia. Waheshimiwa wajumbe wa kamati kuu, kamati ndogo na kamati ya chai. Wadau wa maendeleo, mabibi na mabwana, na wewe shangazi yangu uliyeketi mstari wa mbele: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Nasimama hapa kifua mbele kuwafahamisha kwamba ule Mradi wa Kuhifadhi Kidijitali Kumbukumbu za Vielelezo Vikavu vya Mti Adimu wa Msitu wa Mvua, mti ambao duniani kote ulibaki mmoja tu, kwenye kipande cha msitu cha shangazi, sasa umefikia asilimia mia moja na kumi na nne ya malengo, na hiyo kumi na nne nimeiongeza mwenyewe kwa uzalendo. (Vigelegele. Mtu anacheka, anakodolewa macho.)

Kwa wale wa nyuma ambao sayansi haijawafikia, kielelezo ni tawi linalobanwa kwenye magazeti, likikauka linabandikwa karatasini, kisha inaandikwa nani kalichuma na wapi. Mimi binafsi nimepitia fremuweki nzima ya kumbukumbu za zamani, nikagundua kwamba vielelezo karibu vyote vilikusanywa na bwana mmoja aitwaye Hajulikani. Jamani, Hajulikani kachapa kazi! Nimeagiza atafutwe popote alipo, apewe cheti na fulana. (Makofi. Mtaalamu wa mimea anainama kuokota kalamu chini ya meza, haibuki tena.)

Wapo wanaonung'unika eti kwa nini mti wenyewe ulikatwa. Ndugu zangu, tusiwe watu wa ajabu! Jengo la kuhifadhia kumbukumbu za mti lingejengwa wapi, kama si pale pale uliposimama mti?

(Shangazi anainuka: "Wewe mtoto wa kaka, uliniambia msitu ukienda, tawi litabaki, wajukuu walione. Haya, tawi langu liko wapi?")

Shikamoo shangazi, keti kwanza, hilo ni suala mtambuka na limo kwenye rodimapu.

("Sikai ng'o!")

Basi tuitikie kaulimbiu. Kumbukumbu! Mnasema, "Ni uhai!" Kumbukumbu!

("Tawi liko wapi?" Sasa ni ukumbi mzima.)

Kwa kumalizia, nawashukuru mafundi, namshukuru mke wangu anayesimamia jengo hili, na zaidi ya wote nakushukuru wewe, shangazi, maana bila ardhi yako tusingepata ukumbi wa harusi mzuri namna hii; mradi wenyewe, Mungu akipenda, tutauandika mwakani, na kuhusu tawi ondoa shaka kabisa, wapambaji wamelipulizia rangi ya dhahabu na kulichomeka kwenye keki, limependeza mno, ila nawaomba mtokee mlango wa nyuma, maharusi wameshafika.