Vifungo vya Bosi

Jumatatu, 3 Machi

Nimepinduliwa. Ndani ya nyumba yangu, kabla hata ya chai!

Bosi, binti yangu wa miaka sita, katoka chumbani amevaa sare ya shule, vifungo vyote vimefungwa. Nikamuuliza nani kamfunga. Akasema kajifunga mwenyewe. Mama yake akapiga makofi, eti hongera. Hongera ya nini? Tangu aanze shule, kila asubuhi mtoto huyu husimama katikati ya magoti yangu. Mimi nafunga vifungo, polepole, yeye ananisimulia alichoota. Ndoto zenyewe hazina kichwa wala miguu. Leo kanywa chai, kabeba mkoba, kaondoka na ndoto yake.

Sikubali. Mimi ni fundi cherehani na sare ile nimeishona kwa mikono yangu. Nilichokishona nakifumua.

Jumanne, 4 Machi

Jana jioni niliipeleka sare dukani kwangu, nikayabana matundu ya vifungo. Kazi safi! Hata mimi vidole viliniuma kupitisha kifungo kimoja. Asubuhi nikakaa kwenye kiti changu, magoti tayari, nikingoja kuitwa.

Kimya. Nikachungulia. Bosi anasukuma vifungo kwa mpini wa kijiko, ulimi nje, jasho linamtoka! Nikamwambia kwamba mimi baba yake nipo. Akajibu kwamba anajua, ila ninyamaze kidogo, anamaliza. Akamaliza. Ukaidi huu sijui karithi kwa nani. Mama yake alinitazama mimi.

Jumatano, 5 Machi

Vifungo nimevihamishia mgongoni. Kijiko hakifiki huko, hata kijipinde vipi! Mke wangu kaniuliza kama nina akili timamu. Nikasema ndiyo mtindo wa siku hizi. Akasema nikiwa na hamu ya vifungo, dukani ninalo kopo zima. Haelewi huyu. Vifungo vya kopo havina hadithi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesalitiwa na damu yangu mwenyewe.

Nimemkuta Tonge, kitindamimba wangu wa miaka minne, kapanda kigoda nyuma ya dada yake, anamfunga. Kifungo cha kwanza kakitia tundu la pili, akaendelea hivyo hivyo hadi chini. Bega moja la Bosi juu, jingine chini. Moyoni nikashangilia. Nikamwita nimrekebishe. Akakataa. Akaninong'oneza kwamba Tonge kafanya peke yake, tukifungua atalia. Basi kaenda shuleni kapinda upande, na sare ni ya mkono wangu.

Mchana fundi wa ng'ambo ya barabara, tunayemwita Mkasi, kaja hadi mlangoni. Mbele ya mteja wangu kaniuliza kama siku hizi nashona gizani. Mteja akacheka. Nami nicheke? Thubutu! Nikamwambia nyani haoni kundule, akaangalie suruali zake kwanza.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nilikuwa na dawa yao: kulabu ndogo ndogo mgongoni, kila moja na kitanzi chake, zisizofungika bila vidole vya mtu mzima. Nikaanza kushona utepe wa kuzishikilia, mguu unakanyaga kwa hasira, macho yapo kwa Mkasi anayenichekea kutoka kibarazani kwake.

Sindano ikapita kwenye kidole cha shahada. Cha kulia! Nilipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Aliyenipeleka zahanati ni Mkasi. Simshukuru.

Bandeji yenyewe kubwa kama kitunguu. Mke wangu kasema mchimba kisima huingia mwenyewe, kisha kavirudisha vifungo vya Bosi mbele, na matundu kayalegeza.

Jumatatu, 10 Machi

Shati limenishinda. Nimehangaika na kifungo kimoja hadi nikakitukana kimoyomoyo. Mara Bosi huyo, kajifunga sawasawa. Akaniamuru nikae. Nikakaa. Akaingia katikati ya magoti yangu, akaanza kunifunga kutoka chini, polepole, ulimi nje. Alipofika kifuani akaniuliza nimeota nini.

Sikuwa nimeota kitu. Machozi yakanilenga, nikasingizia kidole. Nikatunga haraka kwamba cherehani yangu ilitoroka usiku na suruali ya Mkasi, zikaenda kuoana. Akacheka hadi akakosa tundu. Akasema ya kwake imeizidi, akanisimulia yote, mpaka kifungo cha shingoni. Hicho kilinibana kweli. Nikakiacha hivyo hivyo.

Alhamisi, 20 Machi

Mbinu zangu zimezaa matunda. Mwenye kubisha na abishe!

Muuguzi alisema jana kidole kimepona, nitoe bandeji. Nimemwambia Bosi kwamba muuguzi kasema tusubiri, jeraha liko ndani kwa ndani. Mke wangu akakohoa. Na akohoe. Jioni nimebaki dukani nikajishonea shati jipya kwa vidole vyote kumi, refu, lenye vifungo kuanzia shingoni hadi magotini.