Malalamiko kwa Mwenyekiti Kuhusu Kitabu cha Kapteni Beseni Kunyimwa Saini

Aaron wangu amepewa meza! Meza nzima, kaka Ghanshyam, yenye kitambaa na kiti chake, kwenye maonyesho ya vitabu vya katuni pale ukumbini Upanga. Atakaa atie saini vitabu vya watu, nao watapanga foleni. Mtoto niliyemzaa mimi. Imebidi niseme hilo kwanza maana mkono ulikataa kuandika salamu kabla halijatoka.

Sasa salamu. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Wafanyabiashara wa mtaa wetu, hapa Kariakoo: habari za nyumbani, habari za kazi? Dada Shobhana na goti lake wanaendeleaje? Sisi wazima. Dukani kwangu ndoo zinatoka, mabeseni yanasuasua.

Naandika kulalamika rasmi, na mlalamikiwa ni wewe. Najua utaratibu wetu unasema mwenye lalamiko dhidi ya mwenzake alipeleke kwa mwenyekiti. Kwa hiyo naomba ukishasoma ujiite ofisini, ujikalishe, ujihoji, kisha ujipe onyo. Ukianza kujitetea, usijisikilize sana.

Kwa faida ya wajumbe wageni wa kamati nieleze kidogo. Aaron alipomaliza shule alichora kitabu cha Kapteni Beseni, akikichorea nyuma ya duka langu. Huyo Kapteni ni shujaa anayepambana na matapeli wa sokoni, na ngao yake ni beseni la plastiki. Ukilitazama vizuri ni lile letu la bluu lenye mikono miwili. Kilichapwa kidogo, hakikununuliwa, kikasahaulika. Leo Aaron ana jina, vitabu vyake vipya vinagombewa, na kile cha kwanza watu wanakitafuta kama dawa. Anayejulikana kuwa nacho ni wewe peke yako, uliyekinunua siku ile kwa kunionea huruma. Umekivika mfuko wa nailoni, ukakiwekea kadibodi mgongoni, ukakilaza kwenye kabati la kioo chini ya picha ya marehemu baba yako yenye shada la maua. Hapo sina neno. Ahsante sana.

Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Juzi Aaron alikuja dukani kwako amevaa shati la pasi, kalamu mfukoni, akaomba kwa adabu akitie saini kitabu hicho kabla ya maonyesho. Ukamjibu mbele ya wateja, "Kijana, usiguse, mkono una jasho." Kaka! Kitabu chote kile ni jasho lake. Alikichora mwezi wa pili, kwenye stoo isiyo na feni, kitambaa shingoni. Kama jasho linaharibu, basi kiliharibika kabla hakijafika kiwandani.

2. Ukaongeza kwamba kitabu kikishaandikwa ni kama redio iliyotolewa kwenye boksi, na kwamba wakusanyaji wa kweli wanataka kitu kama kilivyotoka mashineni. Nimelifikiria hili kama mfanyabiashara, nikaona kwa redio ni kweli. Lakini redio haina mama. Aliyeitengeneza hatumjui, wala hapiti dukani kwako asubuhi kusema shikamoo. Aaron amekuamkia tangu ana mapengo ya mbele, na kila siku unaitikia marahaba. Mtu unayemwitikia marahaba unamnyimaje jalada?

3. Ukasema tena kwamba saini isiyo na shahidi haiaminiki, yeyote anaweza kuandika "Aaron" akatangaza ni ya kweli. Hapo umenena, ndiyo maana nimeandaa mashahidi. Upande wenu atakuwa dada Shobhana. Upande wetu, Candida wa duka la vitenge, ambaye anajua kunyamaza akilipwa chai. Na nitakuja na muhuri wa duka na pedi yake ya wino wa zambarau, maana katika nchi hii saini isiyo na muhuri ni mkwaruzo tu. Tutagonga pembeni, uso wa Kapteni hautaguswa.

4. Nikiwa hapo hapo, na mimi nitasaini. Usishtuke. Ripoti ya shule ilikuwa hairudi mpaka mzazi asaini, nami nilizisaini zote, hata ile ambayo mwalimu wa hesabu aliandika kwamba mtoto huyu anachora mabeseni kwenye daftari la aljebra. Darasa la saba langu lilinitosha kuandika "Nimeona". Nitaandika "Nimeona" na kwenye jalada. Tena haki zangu ni mbili. Mnasema kitabu ni adimu. Nani aliyekifanya adimu? Vile vilivyokosa wateja nilivichambua karatasi moja moja, nikazitandika katikati ya mabeseni yasikwaruzane njiani, zikaenda Songea, zikaenda Tunduma, zikaenda Kigoma. Nisingefanya hivyo vingejaa kila kona ya mji, na kabati lako leo lingekuwa la vikombe. Aliyekichora asaini, aliyekifanya adimu akae pembeni? Haiwezekani.

5. Kama bado unaamini kwamba saini inaharibu kitu, fungua droo yako sasa hivi utoe noti yoyote. Ina saini. Mbili! Sijawahi kukuona ukiirudisha kwa mteja eti imeandikwaandikwa. Cheti chako cha ndoa kina saini, na dada Shobhana hajapungua thamani. Hata ule muhtasari wa mkutano uliokufanya mwenyekiti tuliusaini sote. Kama saini inaharibu, basi na uenyekiti wako umeharibika, na malalamiko haya itabidi yaende kwa makamu. Makamu ni mimi. Uamuzi wangu unaujua.

Haya, kaka, tumecheka. Lakini nikuambie lililonikaa rohoni. Ile kalamu Aaron ameiacha juu ya friji tangu siku ile, na jana nilimsikia akimwambia rafiki yake kwenye simu kwamba labda hiyo meza apewe mtu mwingine. Ndugu yangu, watu watamuuliza kile cha kwanza kiko wapi, naye atajibu kiko kwa jirani aliyemkataza kukigusa. Hakuombi umpe kitabu. Wewe ulikuwa mtu wa kwanza kununua kazi yake katika dunia hii, ukimwacha mama yake. Anataka uwe wa kwanza kwenye foleni, basi.

Wasalimie dada Shobhana, mwanao Dhruv na mkewe, wajukuu, na yule mpishi wenu anayenifichia chapati. Nabaki kuwa mlalamikaji wako mwenye mapenzi mema,

Blandina, Mama Aaron,
Makamu Mwenyekiti.

Nyongeza: Hapa usimsomee mtu. Kitabu kingine kipo. Ninacho mimi, ndani ya pipa la mchele lenye mfuniko wa kubana, kimefungwa mara tatu, hakijawahi hata kufunuliwa. Aaron anaamini kilienda Kigoma na wenzake. Sikitoi, na hakuna kalamu itakayokisogelea, hata ya kwake, maana tangu nikusikie ukisema kwamba kilicho safi ndicho chenye thamani, sijalala vizuri. Chako kikishapata saini, muhuri na "Nimeona" yangu, changu ndicho kitakachobaki safi Bongo nzima. Nakueleza kwa sababu hatujawahi kudanganyana katika biashara. Kwa hiyo ukiamua kukiacha chako kabatini, nitakuelewa kuliko mtu yeyote. Lakini kwenye foleni uje, hata mikono mitupu, usimame mbele kabisa akuone. Nimeshamwambia mtoto kwamba unakuja, na familia nzima. Ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi.