Hotuba ya Mwenyekiti Wahome Kuhusu Katuni ya Mlima Unaotembea

Mwakilishi wa Bwana Chifu. Mwakilishi wa yule aliyepaswa kumwakilisha Mheshimiwa, ambaye tumeambiwa gari limemharibikia Isinya. Mchungaji, au tuseme mke wa Mchungaji, kwa sababu ndiye amefika. Wazee wa mtaa mlioketi kwenye viti vya plastiki, na wazee wa mtaa mliokosa viti. Wenye nyumba, wapangaji, walimu, akina mama wa vyama vyote vitatu ambavyo najua havisalimiani. Vijana wa boda boda mliokuja kwa ajili ya kivuli. Na nyinyi watoto, ambao leo ndio main stakeholders, ingawa nawaomba mkae chini kabisa ili watu wazima waone mbele: itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu sijamtaja, ajue nimemtaja moyoni. Sopa! (Umati: Ipa!) Sopa tena! (Umati, kwa uchovu: Ipa.) Bwana asifiwe! (Amina moja, ya mke wa Mchungaji.)

Mimi naitwa Bedan Wahome. Najua mnanijua, lakini hotuba ni kumbukumbu, na kumbukumbu lazima iwe na jina. Mimi ndiye Mwenyekiti mwanzilishi wa Kamati Maalum ya Tathmini ya Ufaafu wa Katuni ya Kigeni kwa Watoto wa Noonkopir na Viunga Vyake, ambayo kifupi chake bado kinafanyiwa utafiti, na leo Jumamosi, mbele ya jumba hili letu la mikutano, ambalo kwa miaka mitatu watoto hawajakanyaga ndani, nimesimama kuwasilisha matokeo kwa njia ya uwazi, uwajibikaji, na kwa kutumia framework inayoeleweka. (Makofi. Mtoto mmoja anauliza, framework ni nini. Ananyamazishwa.)

Tuanze na background. Miaka mitatu iliyopita, kila Jumamosi saa nane mchana, Moses, ambaye ni mtunzaji wa jumba hili, alikuwa akiwawashia watoto televisheni ile kubwa, na watoto wasiopungua arobaini walikuwa wakiketi kwenye mkeka kutazama katuni ya Kijapani inayoitwa Sumiko na Mlima Unaotembea. Kwa wale wazee ambao hawajaiona, ni hadithi ya msichana anayeitwa Sumiko. Baba yake alipanda mlima kutafuta dawa, halafu ule mlima ukaamka, ukaondoka na baba mgongoni, na tangu siku hiyo Sumiko anaufuata. Katuni hiyo iko na vipindi mia tisa arobaini na viwili, inaendelea hadi leo, na mlima bado haujakamatwa. (Watoto: Uuuh!) Kaeni chini.

Sasa, mwezi wa tano wa mwaka ule, mama mmoja wa hapa, Bi Mwelu, ambaye namwona pale kwa leso ya kijani, alikuja ofisini kwangu akiwa na malalamiko mazito. Binti yake Syokau, wakati huo akiwa na umri wa miaka kumi, alikuwa amepanda ngazi ya tangi la maji hapo nyuma, akajifunga leso mabegani, akapiga kelele, “Mlima, simama!”, akaruka, na akavunjika mkono wa kushoto. Ndugu zangu, nilishtuka. Nilimwambia Bi Mwelu, nikiwa nimesimama kwa heshima ya lile jambo, kwamba serikali ya mtaa huu haitalala. Siku hiyo hiyo niliunda Kamati, na siku hiyo hiyo nikamwagiza Moses afunge maonyesho ya Jumamosi kwa muda, hadi Kamati itakapotazama katuni yote na kutoa uamuzi kama inawafaa watoto ama haiwafai.

(Bi Mwelu anasimama: “Mzee, mimi nilikuja kusema ngazi! Nilisema ile ngazi ya tangi itolewe, watoto wanapanda. Sikutaja katuni hata mara moja!”)

Nimesikia mchango wa mama. Hiyo ndiyo inaitwa public participation. (“Na ngazi bado iko!”) Mchango umeandikwa. (“Wapi?”) Umeandikwa, mama. (Kicheko kirefu upande wa boda boda.)

Tuingie kwenye methodology. Kamati iliketi humu ndani kila Jumatatu hadi Alhamisi, kuanzia saa nane hadi saa nane na nusu mchana, kipindi kimoja kwa siku, na haikuwahi kuruka hata ule wimbo wa mwanzo, kwa sababu wimbo nao ni sehemu ya ushahidi. Hadi Alhamisi iliyopita Kamati ilikuwa imefikia kipindi cha mia sita na kumi na saba. Katika muda huo Kamati imehesabu ngumi elfu nne mia tatu na kumi. Mateke sikuyahesabu kwa sababu yanakwenda haraka. Lakini pia Kamati imehesabu mara elfu moja mia moja ishirini na sita ambapo mtu aliomba msamaha, akainama, na akamaanisha. Sasa mimi nimekaa kwenye uongozi miaka kumi na tisa, nimehudhuria mikutano isiyo na idadi, na katika mikutano hiyo yote nimesikia msamaha ukiombwa mara mbili, na mara moja kati ya hizo ni mtu aliyekanyaga kiatu cha mwingine. (Makofi makubwa. Mke wa Mchungaji anatikisa kichwa, lakini anatabasamu.)

Sitaki kuficha kitu. Mwanzo nilikuja na kalamu nyekundu. Nilitaka kupata makosa. Kipindi cha kwanza nikaandika: “Msichana anasafiri bila ruhusa ya mzazi.” Kipindi cha pili nikaandika: “Mzazi hapatikani kutoa ruhusa, yuko juu ya mlima.” Kipindi cha tisa kalamu iliisha wino, na sikuona haja ya kuleta nyingine.

Halafu tukafika kipindi cha mia mbili na kumi na mbili. (Watoto wakubwa wanaguna kwa huzuni. Mmoja: “Ya daraja!”) Ndiyo, ya daraja. Kuna mzee anaitwa Goro. Huyu kwa maoni ya Kamati ndiye mhusika pekee mwenye ujuzi wa utawala katika katuni nzima. Yuko na kofia, yuko na muhuri, yuko na meza, na kazi yake ni kulinda daraja la barafu na kuamua nani avuke na nani asivuke. Mimi nilimpenda sana. Nilimwambia Moses, “Angalia mtu wa kazi.” Lakini Sumiko akafika pale akamwuliza, kwa sauti ya upole tu, “Mzee, daraja hili unamfungia nani?” Ikaonekana kwamba miaka mingi nyuma Goro alikuwa amemkatalia binti yake mwenyewe kuvuka kurudi nyumbani, kwa sababu walikuwa wamekosana na hakuwa na karatasi. Mzee akavua kofia, akaiweka juu ya meza, akaacha daraja wazi, akaanza kutembea kuelekea upande alikoenda mtoto wake. Hajui kama atampata. Anatembea tu, na theluji inaanguka, na kipindi kinaisha hapo.

(Mwenyekiti anatoa kitambaa, anajifuta miwani, kisha uso.)

Vumbi la hapa Kitengela hili. Tuendelee.

Baada ya kipindi hicho Kamati ilisimama kwa dakika kadhaa kwa sababu za kiufundi. Moses alileta chai. Na siku iliyofuata Kamati iliamua kufanya safari ya benchmarking kwenda Loitokitok na Rombo, kwa sababu huko kuna mlima mkubwa ambao hautembei, na ilionekana ni vizuri kulinganisha. (Mzee Leshan, kutoka viti vya mbele: “Wahome, sema ukweli. Rombo ulienda kwa Nduta!”)

Mzee Leshan, hotuba iko na mpangilio. Nilikuwa nafika hapo.

Katika safari hiyo Kamati ilikutana na stakeholder mmoja, wa kike, umri wa miaka thelathini na minne, mkulima wa nyanya na vitunguu, ambaye yuko na pua kama ya Mwenyekiti. (Kicheko. Sauti: “Ni mtoto wako!”) Ndiyo. Ni binti yangu Nduta. Wengi hapa mlikuwa mmeacha kuniuliza habari zake, na nilidhani hiyo ni heshima. Miaka saba kabla ya hapo aliacha kozi ya uhasibu akaniambia anaolewa na mkulima wa Rombo. Nilimwambia akienda asirudi kwangu. Na kwa sababu mimi ndiye nilimlea, na nilimlea vizuri, alitii.

Nilimkuta shambani akifungulia maji kwenye mfereji. Aliponiona hakukimbia, hakulia. Aliniuliza, “Baba, umekuja kufanya nini?” Nikamwambia, “Nimekuja benchmarking.” Akasema, “Benchmarking ya nini?” Nikasema, “Ya mlima.” Akageuka akautazama ule mlima, siku hiyo ulikuwa wazi hadi kileleni, akasema, “Mlima ndio ule. Umeuona. Sasa ingia ndani unywe chai.” Kwa mlango nikakutana na kijana mdogo wa miaka minne, hana viatu, anashika kikombe cha uji. Nikamwuliza anaitwa nani. Akasema, “Wahome.” (Umati: Aaaah.) Ni mtoto wake wa pili wa kiume, na kwa desturi yetu wa pili huitwa jina la baba ya mama. Alimpa jina langu wakati mimi na yeye hatusalimiani. Kila siku alikuwa akiita jina langu akule, aoge, aende kulala, na mimi niko hapa Noonkopir najiona mtu aliyesahauliwa.

Hapo niliomba msamaha. Kwa hiyo ile takwimu niliyowapa ya elfu moja mia moja ishirini na sita, ongezeni moja. (Makofi. Mke wa Mchungaji amesimama. Bi Mwelu anajifuta macho kwa leso na kusema hajasahau ngazi.)

Sasa mnaelewa kwa nini kazi ya Kamati ilichukua muda. Ilikuwa ni due diligence. Baada ya kile cha daraja kulikuwa na vipindi mia saba na zaidi, na mimi sikuweza kutoa uamuzi bila kujua kama Goro atampata yule binti, na kwa upande wa recommendations, tukizingatia mambo mtambuka, pamoja na roadmap ya muda wa kati—

(Msichana mrefu anasimama nyuma. Ni Syokau mwenyewe, mkono umepona zamani.)

“Mzee Wahome, shikamoo. Mimi nilikuwa na miaka kumi mlipofunga. Saa hii niko na miaka kumi na tatu, niko Grade Eight. Wale tulikuwa tunakaa na wao kwa mkeka wengine wamehama, wengine wako boarding. Hiyo katuni ni mbaya ama si mbaya?”

Marahaba, binti. Swali ni zuri. Kuna factors mbalimbali—

“Jibu tu, mzee.”

(Umati: “Jibu!” Mwenyekiti anakunja karatasi za hotuba, anazitia mfukoni.)

Si mbaya. (Kelele.) Ngojeni, sijamaliza. Ina ngumi nyingi kuliko zinazohitajika, na vile vita vya barafu mtoto wa chini ya miaka saba asivione peke yake. Mtu mzima akae karibu naye, na akae kweli, si kukaa na simu. Na mtoto aambiwe kwamba Sumiko anaruka kwa sababu amechorwa. Lakini si mbaya. Ningewaacha muitazame ningekuwa nimewafaa zaidi. Nyinyi mlikuwa mnakua, na mimi nilikuwa humu ndani, mbele ya televisheni yenu, kwenye kiti cha ofisi, natazama peke yangu. Syokau, hiyo miaka mitatu sina jinsi ya kukurudishia. Nisamehe.

(Syokau anafikiri. Anasema, “Sawa. Lakini ngazi ya mama itolewe.” Vijana wawili wa boda boda wanaondoka kuelekea nyuma ya jumba na spana.)

Kwa hayo machache, nikimalizia: Watoto juu! (Juu!) Juu zaidi! (Zaidi!) Katuni kwa wote! (Kwa wote!) Uongozi bora! (Kimya.) Watoto juu tena! (Juu!)

Na sasa shukrani. Namshukuru Moses kwa chai. Nawashukuru kwa dhati wanakamati wenzangu kumi na mmoja kwa uzalendo wao, na nawaahidi kwamba nikishawateua nitawatumia barua, kwa sababu hadi sasa nafasi zao niliziacha wazi ili pasitokee ubishi. Nawashukuru wachapishaji wa ripoti, ambao wataanza mara tu itakapoandikwa. Na namshukuru mwakilishi wa Bwana Chifu, ambaye ameniuliza kwa upole kabla sijapanda hapa, amri ya kufunga jumba ilipigwa muhuri wapi, na nikatafuta, na nikakumbuka kwamba hakukuwa na amri. Nilimwambia Moses tu, kwa mdomo, tukiwa tumesimama mlangoni. Hakukuwa na Kamati, wananchi. Kulikuwa na mimi.

(Mlango wa jumba unafunguliwa. Ule wimbo wa mwanzo unasikika kutoka ndani. Watoto wanainuka wote kwa pamoja, wanapita katikati ya viti vya wazee, Syokau akiwa amewashika wawili wadogo mikono.)

Asanteni sana, Mungu awabariki, na ambao bado mko hapa mnaweza... Moses! Ni kipindi cha ngapi hicho? (Kutoka ndani: “Cha kwanza!”) Cha kwanza ni sawa. Niwekee nafasi kwa mkeka, nakuja.