Ombi la Kusimamisha Cheti cha Binti Yangu Hadi Nipate Changu

Kwa Mwenyekiti,
Bodi ya Mitihani ya Mitandao ya Kompyuta.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya na umekaa, maana jambo lenyewe halisomwi kwa kusimama.

Mimi ni msimamizi wa mtandao katika ofisi ya ghorofa tatu na kompyuta themanini na nne. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa, na hapa kazini wananiita Mzee Waya. Mtihani wenu nimeufanya mara tatu, na mara zote tatu umenigaragaza. Sasa bosi amesema nisipoleta cheti kabla ya mwezi kuisha, nitahamishiwa stoo nikahesabu viti, na nafasi yangu atapewa mwenye cheti. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa heshima zote, na kwa uchungu kidogo.

1. Maswali yenu hayaheshimu watu wazima. La kwanza liliuliza: mtumiaji akipiga simu kusema mtandao umekatika, msimamizi aanze na nini? Nilijibu kwamba aiache simu iite. Mwenye shida ya kweli atapiga tena. Nusu ya matatizo ya ofisi yetu yamepona kwa dawa hiyo, na mhasibu wetu ni shahidi, ingawa siku hizi haongei nami. Mkanipa sifuri. Eti jibu ni kumsikiliza kwanza, kisha kumuuliza nini kimebadilika. Jamani! Mimi ni msimamizi au daktari?

2. Swali la saba lilitaka kila waya ubandikwe karatasi ya kuonyesha unatoka wapi na unakwenda wapi. Nilijibu kuwa karatasi ni za wasahaulifu. Nyaya zangu zote ziko kichwani. Sifuri tena.

3. Swali la kumi na nne ndilo lililonipandisha presha. Liliuliza nini kitatokea mtu akichukua waya mmoja na kuchomeka ncha zake zote mbili kwenye swichi moja, kile kisanduku chenye matundu mengi kinachogawa mtandao ofisini. Kwa mujibu wenu, ujumbe utazunguka na kujirudia humo mpaka mtandao mzima ulale. Mimi niliandika kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kufanya hivyo, na kwamba aliyetunga swali apewe likizo. Hilo la likizo naliomba radhi. Swali lenyewe bado ni la kipuuzi.

4. Hapa naomba unisikilize kama mzazi mwenzangu. Binti yangu, niliyemfundisha kushika koleo kabla hajajua kufunga kamba za viatu, ameufanya mtihani huohuo mara moja tu, akafaulu. Tena alisomea kitabu changu! Kila penye jambo nisilokubaliana nalo, nilikuwa nimeandika pembeni kwa kalamu nyekundu: UONGO. Nilipomuuliza siri ya ushindi wake, alisema bila haya kwamba alizipitia UONGO zangu zote akazikariri, maana hapo ndipo penye majibu. Kumbe nimemsomesha bila kujua! Mama yake alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo, runinga ikigoma nyumbani, anaitwa mtoto. Mimi naombwa nisogee.

5. Ukutani, juu ya meza yangu kazini, kuna msumari nilioupigilia kabla ya mtihani wa kwanza, kwa ajili ya fremu ya cheti. Mpaka leo umebeba koti. Kila anayeingia anauliza msumari mkubwa hivyo ni wa nini. Nimechoka kusema ni wa koti.

6. Bosi ameshapata habari za binti yangu. Juzi aliniuliza kama ana kazi, na aliuliza huku akitabasamu.

Kwa hoja hizo, naomba mawili. Kwanza, nipewe cheti kwa heshima ya miaka kumi na tisa. Pili, cheti cha binti yangu kisimamishwe hadi nipate changu, kwani sikio halipiti kichwa, na kichwa ni mimi. Mkiwa na shaka, njooni mkague mtandao wangu kwa macho yenu. Nikishaweka sahihi hapa nalifungua kabati la swichi nilipange vizuri, lisije likawatia aibu wageni.

Nisalimie wajumbe wote wa Bodi, na yule mama msimamizi wa chumba cha mtihani aliyeniazima kifutio mara zote tatu. Hata mtunzi wa swali la kumi na nne naye msalimie. Sisi huku wazima, ila mimi ndiyo hivyo.

Ni mimi, mwenye uzoefu na asiye na karatasi,
Mzee Waya

Nyongeza: Barua hii ilikuwa itumwe saa tatu asubuhi kwa kompyuta. Imechelewa. Nilipokuwa napanga lile kabati, niliona ncha ya waya inaning'inia peke yake. Nikaihurumia, nikaichomeka kwenye tundu lililokuwa tupu. Haikupita dakika mbili, ghorofa zote tatu zikakosa mtandao. Simu ikaita, nikaiacha iite. Iliita mpaka bosi akashuka mwenyewe kwa miguu. Nilizima hiki, nikawasha kile, jasho likanitoka hadi saa sita. Mwisho nikaona aibu ni ya muda tu, nikampigia binti yangu. Alipokea papo hapo. Akaniuliza nini kimebadilika. Nikasema hakuna. Akauliza tena kwa upole, ndipo nikaukumbuka ule waya. Akaniambia niufuate kwa kidole. Ukapita nyuma ya kabati, ukapanda, ukashuka, ukanirudisha kwenye kisanduku kilekile. Hakucheka, ila nilisikia alivyojibana.

Basi maombi yangu yote mawili nayafuta. Cheti cha mwanangu msikiguse. Bila yeye hata barua hii isingetoka. Bosi ameomba namba yake, nami nimempa. Mimi niandikisheni mtihani wa nne, nitakuja kuufanya nikitokea huko stoo. Koti nimelitoa msumarini. Ule msumari ulikuwa wa cheti, na cheti kimepatikana.