Mchoro Uliopigwa Muhuri

Umma ulitangaziwa rasmi, kwa waraka wa kurasa tisa, kwamba Idara ya Kuratibu Taarifa za Idara Nyingine sasa ingekuwa na blogu. Ukurasa wa kwanza ulieleza faida za blogu. Nane zilizobaki zilieleza mpangilio wa viti siku ya uzinduzi. Mambo yote mazito yalikuwa yamekamilika: mchoraji wa kukodi alishachora sura ya blogu kwenye karatasi kubwa, kamati ilishaketi vikao kumi na vinne, na Mkurugenzi alishatia saini na muhuri juu ya mchoro wenyewe. Kilichobaki, waraka ulisema, ni kajambo kadogo tu: blogu ifanye kazi.

Kajambo hako kakamwangukia Fundi.

Fundi alikuwa binti wa kompyuta aliye katika miezi sita ya majaribio, na miezi hiyo iliisha Ijumaa ile ile ya uzinduzi. Blogu ikipita, barua ya ajira ingetoka. Isipopita, angerudi kwa dada yake, alale kwenye sofa la sebuleni na kuulizwa kila asubuhi ana mpango gani na maisha. Kazi aliipenda. Sofa aliliogopa kuliko alivyomwogopa Mkurugenzi.

Alianza vizuri. Aliunakili mchoro kwenye kompyuta kwa vipande, menyu huku, safu ya habari kule, akavigeuza kimoja kimoja kuwa vitu vinavyobofyeka. Kila jioni alifika Katibu wa Kamati, ambaye ofisi nzima ilimwita Rula kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila rula. Aliipima skrini, akaupima mchoro, akarudi kwenye skrini.

"Menyu imepungua milimita mbili," alisema siku ya kwanza.

"Ni hii skrini tu, mzee. Kwenye nyingine itaonekana pana."

"Basi andika kwamba hii haitambuliki."

Siku ya pili Fundi akamwonyesha kwamba kwenye simu safu zinashuka, moja chini ya nyingine, ili mtu asome bila kuhangaika. Rula akashtuka. Kamati haikupitisha simu. Ikaamuliwa kwamba wananchi wenye simu wazilaze ubavu, na asiyeridhika aje ofisini kuuangalia mchoro.

Shida yenyewe ilikuja siku ya tatu. Pembeni mwa ukurasa, chini ya maneno "Mkurugenzi Wetu", mchoraji alikuwa ameweka picha ya kushikilia nafasi tu: kijana wa matangazo ya biashara, tai ya bluu, meno yote nje, na chini yake jina "Fulani bin Fulani". Mkurugenzi wa idara alikuwa mzee mfupi mwenye upara, na hakuna mtumishi aliyekumbuka kuyaona meno yake.

Fundi akapanda ghorofani kwa Mkurugenzi, mchoro mkononi.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Imeisha?"

"Imebaki picha yako. Hapa kuna ya mtu mwingine. Naomba unipatie yako, niiweke na jina."

Mkurugenzi hakuitazama picha. Alitazama muhuri. "Binti, huu ni wa nani?"

"Wako, bosi."

"Na saini?"

"Yako."

"Kwa hiyo unasema mimi natia saini vitu ambavyo sijavisoma?"

Fundi akaliona sofa. "Hapana, bosi."

"Basi ifuate kama ilivyochorwa. Ukigusa hata nukta, Ijumaa ubebe virago vyako."

Alishuka ngazi akijionea aibu kwa kunyamaza, lakini alinyamaza. Akamweka Fulani bin Fulani mahali pake, pamoja na meno yake.

Ijumaa blogu ikaangazwa ukutani, mbele ya viti vyote vilivyopangwa. Kila kitu kilibofyeka. Waziri, aliyekuwa na wiki moja tu katika cheo na hakumjua mtu hapo, akaisogelea picha.

"Kumbe Mkurugenzi ni kijana. Safi sana. Yuko wapi nimpe mkono?"

"Ni mimi, Mheshimiwa," akasema Mkurugenzi.

Waziri akautazama upara, akatazama ukuta. "Huyu si wewe."

"Ni uzembe wa fundi, Mheshimiwa."

Watu wote wakamgeukia Fundi. Aliogopa, lakini chini ya hofu kulikuwa na hasira. Akaukunjua mchoro mezani. "Nilifuata huu, Mheshimiwa."

Rula akaipima picha papo hapo. "Sawasawa kabisa," akasema kwa fahari. "Haijapotea hata milimita."

Waziri akaisoma saini taratibu. "Hapa Mkurugenzi amethibitisha kwamba Mkurugenzi ni huyu kijana. Sasa nisaidie, mzee. Ama Mkurugenzi anatia saini bila kusoma, na mtu wa hivyo namfukuza leo leo, ama wewe siye. Lipi?"

Mkurugenzi, aliyetumikia miaka ishirini na saba bila kukiri kosa hata moja, alifikiri haraka.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi ni mgeni tu. Nimekuja kushuhudia uzinduzi."

Waziri akaridhika. Barua ya Fundi akaitia saini mwenyewe, baada ya kuisoma mara mbili. Kisha akauliza kama wageni wote wameandikishwa, maana utaratibu ni utaratibu. Rula akamshika mzee mkono kwa adabu na kumpeleka mapokezi.

Mzee akaandika jina lake kwenye daftari la wageni. Alipofika penye "Umekuja kumwona nani", kalamu ikasita kidogo, halafu akaandika: Mkurugenzi.

Dada wa mapokezi, aliyekuwa amemfungulia mlango kila asubuhi kwa miaka saba bila kuitikiwa salamu, akalisoma daftari, kisha akamwonyesha benchi.

"Kaa hapo, baba. Bado hajafika."