Godoro la Matabaka Manne

Jumatatu, 26 Januari

Leo nimetangaza! Mbele ya ukoo mzima, nyumbani kwa dada Ashatu, nimesimama nikasema godoro la harusi ya binti yake Adila nitalitengeneza mimi, Msabaha, kwa mikono yangu. Abdullatif, ami yake Adila, akacheka mpaka kahawa ikampalia. Akauliza muuza mananasi na magodoro wapi na wapi.

Nimemjibu kuwa kwetu godoro la mwari hutoka kwa mjomba, tangu enzi za magodoro ya usumba na sufi, na Alhamisi litakuwa tayari kwa kutandikwa. Akasema sawa, ila yeye ataagiza la dukani Dar likae karibu. Langu lisipofika, au likifika bovu, lake ndilo litakalopanda kitandani. Mbele ya wanawake wote!

Ami tayari ndiye walii wa ndoa. Ndiye atakayekaa na shehe Ijumaa. Mimi nimebakiwa na godoro tu. Na Adila nimembeba mabegani kwenda chuo cha Kurani tangu baba yake alipofariki. Nampenda mtoto yule, basi. Nafasi hii simwachii mtu.

Nimetazama video moja kwenye simu. Nusu yake, bando likaisha. Nimeelewa.

Jumanne, 27 Januari

Nimenunua sponji. Kumbe sponji nayo ina tabia zake. Kuna ngumu, kuna ya kati, kuna laini inayomeza kidole. Mama Vicky, mwenye duka hapa Dunda, kanishauri ngumu ikae chini na laini juu, gundi iwe kidogo, kisha godoro lipigwe upepo siku mbili harufu iishe. Siku mbili! Nimemshukuru. Ukimsikiliza kila muuzaji utaoa bintiye.

Nimekata kwa kisu cha mananasi. Upande mmoja umekwenda upogo. Si neno, shuka ni sitara. Matabaka manne, moja juu ya jingine, gundi kopo zima. Nikalala juu ya tabaka la tatu ili lishikane na la pili. Nilisahau kwamba la tatu nalo nimeshalipaka.

Limeshika. Na kanzu yangu imeshika. Ilibidi nitoke ndani ya kanzu, niiache palepale, kisha niikate kuzunguka paliponata. Kipande cha mgongo kimo ndani ya godoro hadi sasa. Sitamwambia mtu. Ni kitambaa kizuri, hakitamdhuru Adila.

Jumatano, 28 Januari

Harufu! Majirani wanauliza nani anapaka nyumba rangi. Paka wa Bi Mwajabu kahama mtaa. Na kesho mkaguzi ni Bi Hafidha, somo aliyemfunda Adila, mama mwenye pua ya kujua pilau limepungukiwa iliki akiwa bado njiani.

Godoro la Ami limeshafika, juu ya bajaji, ndani ya nailoni. Limesimamishwa sebuleni kwa dada. Nimepita, nimeligusa. Laini, laana yake.

Hapo akili ikanijia. Harufu hufukuzwa na harufu! Nguo za harusi hufukizwa udi, godoro limekosa nini? Nikaliweka juu ya viti viwili, chetezo chini yake, makaa mekundu, udi wa kutosha. Nikaingia ndani kutafuta shuka.

Gundi mbichi na makaa havijuani. Natoka nje, katikati ya godoro panatoka moshi mweusi na ulimi wa moto. Nikamwaga ndoo ya maji. Moto ukacheka. Nikamwaga ndoo ya juisi ya nanasi ya wateja wa jioni. Ukazimika.

Nimekaa chini nimelia, sifichi. Nilimwona akilini Adila akitandikiwa godoro la mtu mwingine, nami nimeshika ndoo.

Kisha nimejifunga kibwebwe. Palipoungua nimepakata, kutoka kichwani hadi miguuni, mfereji mzima. Nimeujaza vipande vya sponji vilivyobaki na mto wangu wa kulalia. Nimeshona, nimefunika. Ukilitazama kwa mbali, ni godoro.

Alhamisi, 29 Januari

Siku ya kutandika. Godoro nimelifikisha kwa dada alfajiri. Wanaume hatuingii. Nimejibanza uani chini ya dirisha, najifanya napanga kuni za pilau. Ami naye akaja kupanga kuni. Tumezipanga, tukazipangua, tukazipanga tena, bila kusemezana.

Nikasikia shuka linakung'utwa. Kisha zamu ya watoto. Kwetu juu ya godoro jipya la mwari huviringishwa watoto wa ndugu kwanza, ili nyumba ipate uzazi. Wakapandishwa. Kishindo. Halafu kimya kirefu. Ami akanitazama, akaanza kutabasamu. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na kuni.

Mara kicheko! Dada Ashatu kanisimulia baadaye, anajifuta machozi. Mtoto wa kwanza aliwekwa pembeni, akateremka hadi katikati. Wa pili hivyohivyo. Wote wakarundikana mferejini, wanacheka, hawataki kutoka. Wakarudishwa pembeni, wakateremka tena. Bi Hafidha akasema hebu, akapanda mwenyewe kukagua. Naye akateremka. Wakamvuta kwa mikono yote miwili. Alipopata pumzi alisema, na hili nimelisikia mwenyewe dirishani:

"Godoro hili halina pembeni. Hata wakinuniana, alfajiri itawakuta pamoja."

Vigelegele mpaka mtaa wa pili! Kisha akanusa, akauliza ni udi wa wapi huu wenye unanasi. Wanawake wakanusa mmoja mmoja, wakausifu. Godoro la Ami likabaki na nailoni yake.

Ami akasema hata la dukani lina katikati. Mimi nilikuwa nacheza.

Ijumaa, 30 Januari

Ndoa imepita. Ami kakaa na shehe, kamshika mkono Najim, bwana harusi, kijana mpole wa watu. Nilikuwa nyuma kabisa, karibu na viatu, na sikujali.

Kabla hajaondoka Adila akaniita mlangoni, hina hadi viwikoni. Akanipa shikamoo, akanishika mkono.

"Mjomba, baba angekuwepo, angelilalia yeye kwanza."

Niliitikia marahaba. Nimekula pilau sahani tatu ili watu wasinione nalia.

Jumanne, 3 Februari

Adila na Najim wamekuja kunijulia hali. Najim kaingia ubavuubavu. Kukaa anakaa kwa awamu. Kuinuka, mpaka mkewe amshike.

Adila kaeleza kwa adabu sana. Godoro wanalipenda. Isipokuwa kila usiku Najim huteremka kwanza, yeye humfuata, na asubuhi mgongo wa Najim unakataa kunyooka. Akaomba idhini yangu, kama mjomba, la Ami liwekwe juu ya langu.

Nimeumia. Kisha nimefikiri. Ngumu chini, laini juu, ndivyo kazi ilivyo. Kwa hiyo la Ami ni tabaka la tano! Ami kaninunulia tabaka bila kujua! Nimetoa idhini kwa moyo mkunjufu, nikaenda moja kwa moja barazani, nikamshukuru Ami mbele ya watu kwa mchango wake katika godoro langu. Kaondoka bila kuaga.

Alasiri nimekwenda kwa Adila kulikagua hilo la dukani. Lo! Limenyooka kote. Ukilala kulia unabaki kulia, ukilala kushoto unabaki kushoto. Wataishi kama wapangaji! Ndoa changa haiwezi kuachwa hivyo. Nimemwambia Adila anipe siku moja tu, nilipasue katikati, nilirekebishe.

Kasema ataniita. Mkasi nimeshaunoa.