Kuhusu Suruali Zinazorudi na Mguu Mmoja

Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima ofisini, miguu yote miwili ikiwa chini ya meza.

Mimi ndiye fundi cherehani niliyeshona suruali za vijana wetu mliowapeleka kuamua ugomvi wa nchi ya mbali. Vita hivyo naviunga mkono kwa dhati. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, lakini wahenga hawakuwa na jeshi la kuonyesha. Hata hivyo, nina malalamiko machache ya kikazi.

1. Nilimpima kila kijana kwa mkono wangu, kiuno hadi kifundo. Sasa wanarudi hawalingani na vipimo. Juzi alikuja dereva wa lori la jeshi, akaniomba nikunje mguu wa kushoto wa suruali hadi juu ya goti, niushone hapo. Nikamuuliza wale ndugu waligombania nini hasa. Akasema hakupata nafasi ya kuuliza.

2. Naomba wizara inijulishe mapema nani ataacha mguu huko, na upi, nisishone bure. Kitambaa ni mali ya umma.

3. Wengine hawarudi kabisa. Suruali zao za akiba ziko dukani kwangu, zimepigwa pasi, zimetundikwa. Mama zao huingia, hushika pindo, hutoka. Siku hiyo nami hushindwa hata kutunga uzi kwenye sindano.

4. Sijaletewa suruali ya mkubwa yeyote niikunje. Nahofia mnanyimwa heshima hii. Pita dukani nikupime, Mheshimiwa; kwenye lori la mbele nafasi haikosekani.

Nisalimie mama watoto, wanao walioko masomoni ng'ambo, na majenerali wote hapo walipoketi.

Ni mimi, mtiifu kwa wizara na kwa cherehani,
Fundi wa Suruali

Tanbihi: Nikiwa nafunga bahasha, askari wako wameleta wito wa kitinda mimba wangu. Vita naviunga mkono, kama nilivyosema. Ila kijana amesafiri, sijui aliko, na wala hayuko stoo nyuma ya marobota ya kitambaa, kwa hiyo msisumbuke kuyasogeza. Kiuno chake na changu ni kimoja. Suruali yake nitavaa mimi.